Injini Kongwe Inayokula Oili: Ipe Pumzi Kwanza Kabla ya Kuishusha

Gari la zamani likitoa moshi wa bluu, kila anayepita ana jibu tayari: "Hizo ni ringi." Yaani ringi za pistoni, zinazoziba kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Huenda ni kweli. Ila nimeshaona injini ikishushwa, ikavishwa ringi mpya, ikarudishwa garini, na moshi ukaendelea kama vile hakuna aliyeigusa.

Mimi mwenyewe nilibadili sili ya nyuma ya kranki (shafti kuu ya injini) mara mbili kwenye gari moja. Mara zote mbili giaboksi chini, klachi chini, mgongo hauna hamu. Mara ya tatu nilikuwa nimelala chini ya gari, stendi zimelishika vizuri, injini inaunguruma, natazama tone linavyokua kwenye ukingo wa nyumba ya flaiwili na kudondoka kila baada ya sekunde chache. Rafiki yangu akafungua kifuniko cha kujazia oili ili achungulie tu. Tone lililokuwa likining'inia likabaki pale pale. Likafuata lingine, polepole sana, kisha kimya. Sili ilikuwa nzima. Kilichoziba ni bomba la kupumulia, na presha iliyokosa njia ilikuwa inasukuma oili itoke popote palipo dhaifu.

Tangu siku hiyo, injini ikiletwa inakula au inamwaga oili, swali langu la kwanza ni: ni nini kinachoisukuma au kuivuta? Mpangilio wa mwongozo huu unafuata swali hilo, kuanzia vitu vinavyopimwa bila kufungua nati hadi vile vinavyolazimu injini ishuke.

Hatua ya 1: Jua inakula kiasi gani

"Inakula sana" si kipimo. Egesha gari mahali palipo sawa, zima injini, subiri dakika kumi oili irudi chini, kisha pima. Jaza hadi alama ya juu na uandike kilomita. Endesha kama kawaida, na kila unapoongeza oili andika ni mililita ngapi. Pima siku zote mahali pale pale. Baada ya kilomita elfu moja utakuwa na namba ya kulinganisha kabla na baada ya kila kazi utakayofanya. Bila namba hiyo utakuwa unajitibu kwa ramli.

Hapo hapo kagua kijiti cha kupimia chenyewe. Gari la miaka hamsini limepitia mikono mingi. Huenda injini ilibadilishwa, sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikatoka gari lingine na kijiti kikatoka kwingine kabisa. Siku ya kubadili oili, weka kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, pamoja na cha filta, washa kidogo, zima, subiri, kisha tazama oili imefika wapi kwenye kijiti. Isipolingana na alama ya juu, kwaruza alama mpya kwa tupa. Nimewahi kukuta injini iliyojazwa lita nzima ya ziada kwa miaka kwa sababu ya kijiti kifupi. Kranki ilikuwa inaipiga oili hadi kuwa povu, povu linapanda kwenye kipumulio, na mwenye gari analaumu ringi.

Oili ikiongezeka badala ya kupungua, inuse. Harufu ya petroli maana yake mara nyingi ni kiwambo cha pampu ya petroli kilichotoboka, au choki iliyokwama na kumwaga petroli kwenye kuta za silinda. Malizana na hilo kwanza, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli haina ubavu wa kulinda chochote.

Hatua ya 2: Soma moshi

Moshi una saa zake. Ukitoka kwa wingi asubuhi gari linapowashwa kisha ukakata, oili ilichuruzika usiku kupitia mashina ya valvu ikakusanyika juu ya pistoni. Ukiteremka mlima mrefu mguu umeachia mafuta, halafu ukakanyaga na wingu likatokea nyuma, shaka iko kwenye bushi za valvu (vibomba ambamo mashina ya valvu huteleza): koo la kabureta likifungwa, mvuto ndani ya manifoldi (njia ya kupeleka hewa na petroli kwenye silinda) huwa mkali, na oili hunyonywa kupita kwenye shina la valvu ya kuingiza. Moshi unaotoka wakati injini inabeba mzigo, tuseme inapanda mlima kwa gia kubwa, ndio unaoelekea kwenye ringi na kuta za silinda.

Kuna wezi wawili wanaosahaulika. Injini nyingi za V, zenye silinda za safu mbili, zina manifoldi iliyokaa juu ya bonde lenye oili kati ya safu hizo. Gasketi ikilegea upande wa chini, manifoldi hunyonya oili moja kwa moja kutoka bondeni, na nje huoni hata tone. Na magari mengi ya Marekani yenye giaboksi ya otomatiki yana kidude kinachounganishwa na manifoldi kwa mrija wa mvuto. Kiwambo chake kikipasuka, injini inaanza kunywa mafuta ya giaboksi. Chomoa mrija huo: ukiona umelowa kwa ndani, umempata mwizi, na injini yenyewe haina kosa.

Sasa pima kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya kila silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote zimetolewa, koo la kabureta limefunguliwa lote, betri ina nguvu. Andika namba ya kila silinda. Halafu tia kijiko cha oili kwenye silinda iliyo chini, zungusha injini kidogo, upime tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba pengo la muda, kwa hiyo ringi au silinda zimechoka. Ikibaki ilipo, uvujaji uko kwenye valvu au gasketi ya hedi (kichwa cha injini). Ukumbuke tu kwamba ringi ya oili inaweza kuwa imekufa kabisa huku kompresheni ikiwa nzuri, kwa sababu kompresheni hushikwa na ringi za juu. Usijipongeze mapema.

Tazama na plagi. Moja ikiwa na ukoko mweusi wenye mafuta na nyingine kavu, tatizo ni la silinda moja. Zote zikilowa kwa kiasi kimoja, fikiria pumzi.

Hatua ya 3: Pumzi ya injini

Hapa ndipo nitakapokuchelewesha, maana hapa ndipo watu wanapopita haraka.

Hakuna ringi inayoziba kikamilifu. Kila mlipuko, gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia kwenye tumbo la injini. Gesi hiyo lazima itoke. Injini za zamani sana zilikuwa na bomba lililoning'inia chini ya gari; upepo wa mwendo ulipita kwenye mdomo wake uliokatwa mshazari na kuvuta gesi nje. Mpango huo unafanya kazi gari likikimbia tu. Kwenye foleni hakuna upepo, hakuna mvuto, na gesi inajaa. Ndiyo maana gari la namna hiyo linaweza kusafiri kilomita mia bila doa na likachafua sakafu lote baada ya nusu saa ya kusimama huku likiunguruma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 California iliweka sharti magari mapya yarudishe gesi hizo kwenye manifoldi ili zichomwe, kwa ajili ya usafi wa hewa, na valvu ya PCV, inayopitisha gesi hizo, ikaenea kutoka hapo. Kwa wenye magari, faida ya pili ilikuwa tumbo la injini lenye mvuto kidogo badala ya presha.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa ya moto na inaunguruma taratibu, ondoa kifuniko cha kujazia oili na uvishe glavu nyembamba ya mpira kwenye mdomo wake. Ikinyonywa ndani kidogo, vizuri. Ikivimba na kukupungia mkono, injini inaomba hewa. Ukitaka namba, chukua mrija mwembamba unaopenyeza mwanga, ukunje umbo la U, tia maji, chomeka ncha moja kwenye tundu la kijiti cha oili na uache nyingine wazi. Maji yakivutwa sentimita chache kuelekea injini, hali ni nzuri. Yakisukumwa upande wa pili, una presha. Rudia ukiwa umeongeza mwendo wa injini, kwa sababu injini nyingi hupita mtihani zikiwa zimetulia na kufeli zikiamshwa.

Ukikuta presha, safisha njia yote, usibahatishe kipande kimoja. Toa mabomba, yaloweke kwenye mafuta ya taa, pitisha waya na kitambaa hadi kitoke safi. Kipumulio cha kopo kina wavu wa chuma ndani. Wavu huo huzuia mwali wa moto usirudi kwenye tumbo la injini na hukamata matone ya oili. Ukiwa umeganda tope, uoshe hadi uone mwanga upande wa pili, kisha uurudishe. Kuutupa si matengenezo.

Valvu ya PCV itikise: isipogonga ndani, imekwama. Ikiwa mahali pake na injini inaunguruma, ziba mdomo wake kwa kidole. Unapaswa kuhisi kidole kinavutwa na mwendo wa injini kushuka kidogo. Usichomeke PCV yoyote uliyoiokota, kwa kuwa kila moja imepimwa kwa injini yake. Inayopitisha hewa nyingi kupita kiasi itaharibu mchanganyiko wa kabureta na, vibaya zaidi, itafyonza ukungu wa oili na kuupeleka kwenye silinda. Hapo utakuwa umejitengenezea injini inayokula oili kwa mikono yako.

Hilo linanileta kwenye vifuniko vya valvu vinavyong'aa. Kifuniko cha kiwandani mara nyingi kina kibati kilichochomelewa ndani, chini ya tundu la kipumulio, kinachozuia matone yanayorushwa na roka (vikono vinavyosukuma valvu) yasiingie kwenye bomba. Vifuniko vingi vya urembo havina kibati hicho. Mtu anavifunga kwa ajili ya mng'aro, kesho yake gari linatoa moshi, keshokutwa anaulizia bei ya ringi. Geuza kifuniko chako utazame. Kama hakuna kitu, kata kipande cha bati, acha nafasi ya hewa pembeni, ukifunge kwa riveti imara zisizoweza kudondokea kwenye valvu.

Na injini zisizo na sili ya mpira? Zipo nyingi. Kranki ya Morris Minor na ya MGA ina mfereji wa skrubu upande wa nyuma unaorudisha oili ndani inapozunguka. Puli ya Volkswagen Beetle inafanya kazi kwa mtindo huo huo. Mfereji huo hauzuii presha hata kidogo. Kwa injini hizi pumzi nzuri ndiyo sili yenyewe, na tone moja au mawili baada ya kuzima ni tabia ya kuzaliwa nayo. Weka kadibodi chini, maisha yaendelee.

Ukimaliza kusafisha, rudia hatua ya kwanza kwa kilomita mia tano. Magari mengine yanaishia hapa.

Hatua ya 4: Sehemu ya juu

Fungua kifuniko cha valvu, washa injini kwa muda mfupi, utazame oili inavyotoka kwenye roka. Inatakiwa kuchuruzika. Ikifurika kama bomba la bustani, shafti ya roka na bushi zake zimelika, na mashina ya valvu yanaogelea. Hakuna sili ya valvu itakayoshinda mafuriko hayo; tengeneza roka kwanza. Kisha hakikisha matundu ya kurudishia oili kwenye hedi yako wazi. Tope huyaziba taratibu, oili inabaki juu kama dimbwi, na sampu inapungukiwa. Yasafishe kwa waya huku ukivuta uchafu nje. Ukiusukuma chini utaukuta kwenye kichujio cha pampu.

Sili za valvu unaweza kuzibadili hedi ikiwa mahali pake. Tatizo ni valvu kudondokea ndani ya silinda ukishatoa springi. Wenye kompresa hujaza hewa silindani. Mimi natumia kamba. Zungusha kranki mpaka pistoni iwe katikati inapanda, valvu zote mbili zimefungwa, ingiza mita moja na nusu ya kamba laini ya nailoni kupitia tundu la plagi huku ncha ikibaki nje, kisha zungusha kranki kwa spana polepole hadi kamba ibane. Sasa valvu zimekaliwa kutoka chini. Bonyeza springi, toa kwa sumaku vipini vidogo vinavyoishikilia, vua sili ya zamani. Mara nyingi itavunjika mkononi kama biskuti.

Springi ikiwa imetoka, legeza kamba kidogo, shusha valvu milimita chache na uitikise kushoto na kulia. Kati ya shina na bushi, valvu ya kuingiza kwa kawaida huhitaji mwanya wa milimita 0.03 hadi 0.06, ya kutoa moshi kidogo zaidi. Usitarajie kuusoma kwa mkono, lakini valvu inayotikisika hadi sikio linasikia "tik tik" imeshavuka mpaka. Sili mpya juu ya bushi iliyolika itadumu miezi michache tu, maana shina linaipiga kila upande hadi ipanuke. Hapo hedi inahitaji karakana ya mashine.

Sili za kisasa za mpira unaostahimili joto hushika kuliko zile za mwavuli za zamani, ila zinadai kichwa cha bushi kichongwe kipimo sahihi. Zipime pia zisigongane na sahani ya springi valvu inapofunguka kabisa. Na usizinyime oili kabisa valvu za kutoa moshi: shina lake linahitaji oili kidogo ili lisikwame kwenye joto.

Hatua ya 5: Gasketi na sili

Sampu na kifuniko cha valvu vya bati huvuja kwa kosa moja kuu, nalo ni kukaza bolti kwa hasira. Bati linabonyea kila palipo na bolti na kati yake linabaki na tabasamu. Weka ukingo juu ya chuma kilichonyooka, gonga kila tundu kwa nyundo ndogo hadi bonde liishe, ndipo uweke gasketi. Gasketi ya koki inatosha kukazwa hadi ianze tu kubinuka.

Sili ya nyuma iliyokatwa vipande viwili ina siri ndogo: usiache maungio yake yakae sawa na maungio ya kifuniko cha beringi. Zungusha nusu moja ichomoze kama sentimita moja, na mdomo wa sili utazame ndani ya injini. Sili ya kamba, kama ya Pontiac V8 au Jaguar ya lita 4.2, iloweke kwenye oili, ikandamize kwenye mfereji kwa chuma cha mviringo kilicho laini, kata ncha kwa wembe zikiwa zimechomoza kidogo sana. Kamba za miaka hiyo zinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo usiikwangue ikiwa kavu wala kuipuliza kwa hewa.

Hatua ya 6: Ringi, ikibidi

Kabla ya kushusha, jaribu jambo moja la mwisho. Gari lililokaa miaka bila kutembea mara nyingi lina ringi zilizoganda kwenye mifereji yake. Mimina kwenye kila silinda vijiko viwili vya dawa ya kuyeyusha kaboni, acha usiku mzima, kesho yake zungusha injini kwa mkono plagi zikiwa nje. Usiwashe kabla ya kufanya hivyo. Kimiminika kikibaki juu ya pistoni hakibanwi, na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ndiyo itakayopinda. Badili oili, endesha kilomita mia chache, upime upya.

Ikishindikana, injini ishuke. Pima silinda kwanza. Kama huna kifaa cha kupimia kipenyo, tumia ringi: iweke ndani ya silinda, inyooshe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, pima pengo la ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya). Fanya hivyo karibu na juu, chini kidogo ya ngazi iliyochongwa na ringi za zamani, kisha chini kabisa ambako hakuna ulikaji. Tofauti ya mapengo gawanya kwa 3.14. Tuseme juu ni milimita 0.90 na chini ni 0.45: tofauti ni 0.45, ukigawanya unapata takribani 0.14. Silinda imepanuka juu kwa kiasi hicho. Mimi nikivuka 0.10 sipotezi ringi mpya humo. Ringi italazimika kupumua ndani na nje kila pistoni ikipanda na kushuka, na oili itapita. Silinda ichongwe, pistoni za saizi ya juu zitafutwe.

Silinda ikiwa bado nzuri, ipitishe honi (kifaa chenye mawe ya kusugua) ili kuta zipate mistari inayopishana kwa nyuzi 45 hadi 60. Mistari hiyo hushika oili na kuzisaga ringi zikae. Baada ya honi, osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kwa brashi ngumu. Petroli haifai hapa: huondoa mafuta na kuacha unga wa jiwe umejificha ndani ya mistari. Osha, suuza, kausha, halafu futa kwa kitambaa cheupe chenye oili safi. Kikitoka kijivu, rudia. Mara ya kwanza nilirudia mara tano nikidhani nafanyiwa mzaha. Kitambaa kikitoka cheupe, paka oili papo hapo, kutu haisubiri.

Kwenye pistoni, tazama mfereji wa ringi ya chini. Una matundu au nyufa za kurudishia oili ndani. Zikiziba kwa kaboni, ringi mpya itafagia oili na kukosa pa kuipeleka. Zungusha ncha ya drili kwa vidole katika kila tundu, bila kulipanua.

Pengo la ringi ya juu kwa injini ya kawaida ni takribani milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo. Silinda ya milimita 80 inataka kama 0.32. Maelekezo ya mtengenezaji wa ringi yako yanatangulia kanuni hii. Ringi ya pili ina uso wa mteremko: alama ya nukta au neno TOP itazame juu, ukiigeuza itapampu oili kwenda juu badala ya kuifagia. Ringi ya oili ya vipande vitatu ina springi ya mawimbi katikati na ringi mbili nyembamba juu na chini yake. Ncha za springi lazima zigusane uso kwa uso. Zikipandiana, hutaona chochote kibaya mpaka injini iwashwe, na hapo moshi utafunika mtaa. Kagua kwa macho kila pistoni kabla haijaingia. Mapengo yasikae mstari mmoja.

Beringi nazo zinahusika, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Oili inayochuruzika pembeni mwa beringi za konrodi ndiyo inayorushwa kwenye kuta za silinda. Mtiririko katika mwanya mwembamba hupanda kwa mwanya uliozidishwa wenyewe mara tatu, hivyo shingo ya kranki ya milimita 50 iliyotakiwa kuwa na mwanya wa 0.05, ikifika 0.10, inamwaga takribani mara nane. Ringi zinakabidhiwa kazi ya kukausha mafuriko. Kuweka pampu ya presha kubwa juu ya beringi zilizolika kunaongeza mafuriko hayo hayo. Kanuni ya mafundi ya presha ya psi 10 kwa kila mizunguko 1000 kwa dakika inatosha kwa gari la barabarani.

Hatua ya 7: Oili isikimbie pampu

Hadi hapa tumezuia oili isiende isikotakiwa. Upande wa pili ni kuhakikisha inabaki kwenye mdomo wa pampu, hasa kama unalisukuma gari kwenye kona.

Ukipinda kona kwa nguvu ya kando iliyo nusu ya uzito wa gari, uso wa oili unainama hadi tofauti ya kimo kati ya upande na upande ni nusu ya upana wa sampu. Sampu ya sentimita 25 maana yake ni sentimita 12.5. Nguvu ikifikia uzito mzima, oili inasimama nyuzi 45. Linganisha na kina cha oili iliyomo, utaelewa kwa nini sindano ya presha hutetemeka katikati ya kona ndefu. Mini, yenye oili moja kwa injini na giaboksi, inajulikana kwa hilo, na dawa yake ya kawaida ni bomba la kunyonyea linalohamishiwa katikati. Beetle ina lita 2.5 tu, kwa hiyo wengi huiongezea sampu ya ziada chini.

Kwa injini nyingine, tengeneza vizuizi ndani ya sampu. Chomelea kuta za bati kuzunguka mdomo wa pampu, zenye vilango vya bawaba vinavyofunguka kuelekea ndani tu: oili inaingia, kutoka haiwezi. Juu yake funga sahani yenye matundu chini ya kranki. Kwenye injini yenye mkwaju (mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu) wa milimita 80, kwa mizunguko 4000 kwa dakika, shingo ya konrodi inakata hewa kwa kilomita 60 kwa saa. Bila sahani, dhoruba hiyo inakwangua oili na kuichanganya na hewa. Acha angalau milimita 6 kati ya sahani na chochote kinachozunguka. Bandika vipande vya udongo laini wa kuchezea, funga, zungusha kranki kwa mkono mara mbili, fungua upime vilivyobonyezwa. Mdomo wa pampu ukae milimita 6 hadi 10 juu ya sakafu ya sampu. Ukishusha sampu kina bila kurefusha bomba la kunyonyea, umejenga ghala lisilo na mlango.

Ukimaliza kuchomelea, paka chaki mishono kwa nje, mimina mafuta ya taa ndani, uache usiku kucha. Panapovuja, chaki inalowa na kuwa nyeusi.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Zungusha injini plagi zikiwa nje hadi presha ya oili ionekane, kisha rudisha plagi uwashe. Tumia oili ya madini yenye zinki ya kutosha, hasa kama tapeti (vipande vinavyosukumwa na kamshafti) ni za bapa. Kamshafti (shafti inayofungua valvu) ikiwa mpya, shikilia mwendo wa mizunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika, kwa muda wa dakika ishirini, bila kuiacha ilale. Baada ya hapo usiipapase kwa kuiacha ikiunguruma uwanjani. Ringi hukaa kwa mzigo. Tafuta barabara tupu, ingia gia ya tatu au ya nne, kanyaga imara kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa, kisha achia kabisa hadi irudi 50. Unapokanyaga, gesi inasukuma ringi ukutani. Unapoachia, mvuto unainua oili kuzilainisha na kuosha unga. Fanya hivyo mara kumi.

Mwaga oili hiyo baada ya kilomita 500, kata filta uikague kama ina vipande vya chuma, jaza upya hadi alama uliyoikwaruza, na ufungue ukurasa mpya kwenye daftari la hatua ya kwanza.